Boston iliizika, Nairobi tunailipia

Ukiuliza swali lolote kuhusu Nairobi Expressway, watetezi wa serikali wana jibu moja: ati miji yote iliyoendelea ina barabara kama hizi. Sawa. Twendeni Boston, Marekani.

Boston ilifungua barabara ya juu katikati ya mji mwaka 1959. Karibu watu 20,000 walihamishwa kuipisha, na mtaa wa North End ukatengwa na mji wake. Je, msongamano uliisha? Wapi! Barabara iliyokusudiwa magari 75,000 kwa siku ilikuwa inabeba karibu 200,000 kufikia miaka ya 1990. Ikabidi waibomoe na kuizika. Kuanzia 1991 wakachimba handaki chini ya mji, na leo juu yake kuna bustani. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola bilioni 2.8, mradi ukameza zaidi ya bilioni 14. Mwaka 2006 dari la zege lilianguka kwenye handaki moja la mradi huo, likaua abiria aliyekuwa ndani ya gari.

Na sehemu ya deni ilitwikwa nani? MBTA, shirika la treni na mabasi. Yaani anayepanda basi anasaidia kulipia barabara ya mwenye gari.

Sisi tumeanzia pale pale Boston ilipoanzia. Kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Boda boda haruhusiwi, tuktuk haruhusiwi, anayetembea kwa miguu ndiyo kabisa. Gari dogo lilikuwa likilipa hadi shilingi 360. Tangu Januari 2024 ni hadi 500. Mwaka 2020 mti wa mugumo pale Westlands uliokolewa kwa amri ya Rais. Naufurahia mti ule, kweli. Lakini anayetembea kutoka Imara Daima hadi Industrial Area kila asubuhi, amri yake iko wapi?

Watasema serikali haikukopa, ni pesa za mwekezaji. Wenzangu, mwekezaji si mjomba. Anataka pesa zake zirudi na faida juu, na amepewa miaka 27 ya kuzikusanya. Mimi nina miaka 22. Akimaliza nitakuwa nakaribia 50.

Ninasomea sheria, kwa hivyo niruhusuni kidogo. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi katika fedha za umma, na kwamba mzigo na manufaa vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Kifungu cha 35 kinaitaka serikali ichapishe habari muhimu zinazohusu taifa. Hakisemi tupige magoti kwanza.

Basi vijana tunadai mambo matatu. Moja, mkataba wote uwekwe mtandaoni pamoja na viambatisho vyake, tuone magari yakipungua ni nani anayefidia. Mbili, njia za miguu na baiskeli zilizo salama chini ya nguzo zile, Mlolongo hadi Westlands. Tatu, barabara nyingine ya kulipia isitiwe sahihi kabla wananchi hawajausoma mkataba wake.

Mbunge wako akija mtaani wiki hii, usimwombe fulana. Muulize kama ameusoma mkataba wa Expressway. Akisema ndiyo, mwambie akuonyeshe.