Nguo za mitumba tunavaa, lakini RAM ya mtumba tunaonea aibu?

Leo nitawakanyaga kidogo, mniwie radhi.

Ukitembea tao na jaketi ya Gikomba, hakuna mtu anakuuliza nani aliivaa kabla yako. Tena unajisifu: "Hii niliokota na soo tatu tu!" Lakini waambie wasee laptopu yako ina RAM ilitolewa kwa mashine iliyokufa, wanakuangalia kama umeokota chakula jalalani. Halafu hao hao wanachukua laptopu mpya ya bei ya chini kwa deni, ya RAM 4GB, na kabla deni liishe mashine imeanza kukwama.

Msimamo wangu ni huu: kabla hujamsumbua mzazi akununulie nyingine, fungua hiyo uliyo nayo.

Mimi natumia HP EliteBook 840 G1, mashine ya 2013. Nilipewa ikiwa na RAM 4GB na diski ya kizamani, ile ya kuzunguka. Ukiiwasha, unaenda kupika chai, unarudi bado inafikiria. Kukata video? Sahau. Mwaka jana binamu yangu alimwagia laptopu yake chai, fundi akasema haiponi. Ilikuwa inaenda kutupwa. Nikamwomba niifungue kwanza. Ndani nikapata RAM ya 8GB na SSD ya 256GB, zote nzima. Akahamisha picha zake, nikafuta kila kitu, nikahamisha vyote kwangu. Kifuniko cha chini cha hii EliteBook hakitaki hata bisibisi: unasukuma kikomeo, kinatoka. Sasa niko na 12GB na inawaka kabla sijakaa vizuri. Prosesa ni ile ile. Nilinunua tu bisibisi ndogo ya kufungua diski.

Lakini si kila kitu kinaingia kila mahali, na hapa ndipo watu huchomeka Luthuli. RAM ya DDR3 haiingii kwa nafasi ya DDR4, hata ulazimishe. Yangu inataka DDR3L, ile ya volti 1.35. Soma kibandiko cha RAM yako kabla utoe doh. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwa ubao, huwezi kuongeza hata ukilia. Hiyo uliza kabla ya kununua, si baada. SSD iliyotumika, ipime afya na CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Na betri iliyovimba usiiguse kwa ajili ya kuokoa pesa. Inaweza kushika moto. Betri nunua mpya.

Kuna lingine hatupendi kusema. Ukiuziwa kipuri kwa bei ya ajabu na muuzaji hataki kutoa risiti, pengine kuna mwanafunzi mahali analia. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria, na hata isingekuwa kosa, wewe ungefurahi ikiwa ni yako?

Najua mtasema mafundi wengine wanakutolea kipuri kizuri wanaweka kibovu. Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana nasema jifunze kufungua mwenyewe, ama ukae hapo uangalie kazi ikifanywa mwanzo hadi mwisho. Na kama kazi yako ni michezo mizito ama uhuishaji wa 3D, hii njia haitakutosha, sitakudanganya.

Kwa wengi wetu, kazi ni kuandika, kusoma mtandaoni na video fupi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi haikubali prosesa za umri wa yangu. Kuna watu watatupa mashine nzima kwa sababu hiyo tu. Mimi niliweka Linux Mint, hailipishwi, na kazi inaenda.

Aibu si kuwa na laptopu ya vipuri. Aibu ni mzazi kulipa deni kila mwezi na chini ya kitanda kuna mashine mbili zilizokufa ambazo hakuna mtu amewahi kuzifungua.

Haya, chini ya kitanda chako kuna nini?