Marufuku ya uwindaji yamlemea mkulima wa Voi

Mtalii anayevuka mpaka kutoka Holili hadi Taveta akiwa na bunduki ya kuwindia hukumbana na sheria tofauti. Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, ilhali Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977.

Hata hivyo, anayegharimika ni mkulima. Mbuga za Tsavo zimetwaa zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta, na ndovu huvamia mashamba viungani mwa Voi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, lakini malipo hayo yamekuwa yakichelewa.

Iwapo Kenya yataka bunduki za wawindaji zisalie ng'ambo ya mpaka, sharti imlipe anayeishi na ndovu hao.