Sanaa, Wafadhili na Lugha ya Ripoti

Mchango wa sanaa katika ushirikiano wa kimataifa wa maendeleo hupimwa mara nyingi kwa wingi wa maonyesho na watazamaji. Kipimo hicho hakitoshi. Penina Muhando Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, alionyesha kwamba sanaa za maonyesho huchochea maendeleo pale wananchi wanapoyachunguza matatizo yao wenyewe, wakayajadili, kisha wakayaigiza kwa ngoma, nyimbo na vichekesho walivyovizoea. Mradi wa Malya, mkoani Mwanza, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulifuata njia hiyo.

Miradi mingi inayogharimiwa na wafadhili nchini Tanzania huupindua utaratibu huo. Ujumbe huamuliwa kwanza, ndipo msanii atafutwe aufikishe. Ngoma hubaki kipaza sauti tu. Aidha, wanakijiji huigiza kwa Kiswahili au kwa lugha yao ya asili, ilhali ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa mfadhili. Waliotoa maarifa hawaisomi, wala hawapati nafasi ya kuikosoa.

Yamkini itadaiwa kwamba mtoa fedha ana haki ya kuelezwa matumizi yake. Haki hiyo haipingiki, lakini haiifuti ile ya wanakijiji. Inafaa basi kila mkataba uagize kwamba ripoti iandikwe kwanza kwa Kiswahili, ijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ndipo itafsiriwe. Bila hivyo, ushirikiano utakuwa wa jina tu.