Lawama Isiyo ya Mama

Wiki hii twamtazama Daktari Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut. Vita vya Lebanon vilimkatizia masomo ya udaktari. Akayakamilisha Marekani mwaka 1979, kisha akabobea Houston katika maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto.

Mwaka 1983 aliletewa msichana mdogo aliyekuwa amekua vyema, kisha akarudi nyuma, mikono yake ikisokotana bila kutulia. Maradhi hayo, yaitwayo Rett, huwapata zaidi wasichana, na chanzo chake hakikujulikana. Daktari Huda hakumsahau mtoto yule. Baada ya miaka 16, mwaka 1999, yeye na wenzake walikigundua: hitilafu katika jeni iitwayo MECP2, ambayo kwa kawaida huzuka kwa mtoto mwenyewe bila ya kurithiwa.

Twalisisitiza hili kwa kuwa mama wa mtoto kama huyo hunyoshewa kidole: alikula nini, alipita wapi, nani alimtia kijicho. Tiba kamili haijapatikana, lakini lawama imekwisha kuondolewa. Basi tumwonapo mtoto aliyekwisha kusema ananyamaza, tumpeleke hospitali mapema, wala tusimwongezee mamake mzigo wa maneno.