Chuo Kikuu Nyumbani

Ndugu mkulima, kijana wako aliyemaliza kidato cha sita anaweza kusoma chuo kikuu akiwa Sikonge. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa kazi hiyo. Kina kituo Tabora mjini.

Masomo huja kwa intaneti. Kijana husoma kwenye simu au kompyuta, huandika majibu na kuyatuma kwa mwalimu. Lakini mtihani hufanyika kituoni. Basi weka nauli.

Usiuze tumbaku ukampa fedha mtu anayejiita wakala. Nenda kituoni kwanza, uulize sifa za kuingia na ada. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo, siyo mkononi.

Mtandao vijijini husumbua. Mimi hupanda kichuguu kupiga simu! Siku ya kwenda mjini, kijana ahifadhi masomo kwenye simu, ayasome nyumbani.