SAFARI YA CHAMA IENDE BAHARINI

Nasikia safari ya chama chetu mwaka huu ni Nairobi tena. Ati tukaone majumba marefu! Mimi siafiki kabisa.

Katika mtihani wa kidato cha pili niliulizwa maana ya kupwa na kujaa. Nikaandika vizuri, nikapewa alama zote. Waama, siku hiyo sikuwa nimewahi kuona maji makubwa kuliko mto Daua, ambao wakati wa jilaal hubaki mchanga na vidimbwi tu. Tulio wengi hapa Mandera ndivyo tulivyo: maneno ya bahari tunayataja kama kasuku, chumvi yake hatujaionja.

Likizo ya Disemba, abti wangu anayefanya biashara Malindi alinialika kwake. Safari ya basi mpaka Garissa si mchezo, kisha Hola, Garsen, ndipo Malindi. Siku ya tatu akatupeleka kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu. Binti yake akaruka majini papo hapo. Mimi nikang'ang'ania ubao wa mashua. Tangu mafuriko ya Daua yalipomchukua kijana wa jirani yetu, nikiwa darasa la tatu, maji yaliyopita magoti nilikuwa siyataki.

Nahodha hakunicheka. Alinivika jaketi la kuokolea na miwani, akanipa mrija wa kupumulia. "Mwanangu, shika boya hili, uso tu ndio uutie majini." Mara ya kwanza nikanywa maji, nikakohoa hadi machozi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikaisikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya mrija, hooo, hooo, kama ngamia aliyelala. Nikafumbua macho.

Jamani! Nilidhani matumbawe ni mawe. Kumbe ni wanyama, wadogo mno, maelfu kwa maelfu wamejenga nyumba moja ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi vimea vidogo vinavyowapa chakula na rangi. Pono wa buluu na kijani walikuwa wakiguguna mwamba, na mlio wa meno yao niliusikia kabisa. Nahodha alisema sehemu ya ule mchanga mweupe wa ufuoni imepita tumboni mwa pono. Nikacheka na mrija mdomoni, nikanywa maji tena.

Wapo wanaosema mtoto wa mfugaji hana kazi na bahari. Hao ndio ninaobishana nao zaidi. Ndani ya hifadhi ile kuvua ni marufuku, ili samaki wazaane na wengine watoke wakavuliwe nje. Je, wazee wetu hawafungi malisho wakati wa mvua ili yawafae jilaal? Hesabu ni ile ile. Tena msiba wetu ni mmoja. El Niño ya 1997 na 1998 iliyoleta mafuriko Garissa, na baada yake homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo, ndiyo iliyopasha bahari joto kupita kiasi. Matumbawe yakavitema vimea vyake, yakapauka, na mengi ya Kenya yakafa. Mahali pengine niliyaona ya kijivu, yamelala chini kama mifupa ya ng'ombe tuliyoiacha njiani katika ukame wa 2020 hadi 2023.

Wazazi watauliza wasichana watavaa nini. Mimi nilivaa suruali pana, shati refu na ushungi uliofungwa barabara, na hakuna samaki aliyelalamika. Watauliza pia kama tunajua kuogelea. Hatujui, na hilo ndilo linaloniuma. Tunakaa kando ya mto unaofurika ghafla, na katika miaka yote ya shule hakuna aliyetufundisha hata kuelea. Yule kijana wa jirani alikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni.

Basi tufundishwe kuelea kwanza, halafu nauli ya Nairobi tuigeuze ya Malindi. Mkutano wa chama ukifika, mimi kura yangu mnaijua. Atakayetaka majumba marefu anieleze kwanza, bila kufungua kamusi, pono ni nini.