Ulimwengu Unapoimeza Hadithi

Imekuwa ada kwetu tunaojaribu kuandika riwaya za kifantasia kudhani kwamba kadiri ulimwengu wa kubuni unavyofafanuliwa, ndivyo msomaji anavyousadiki. Nami niliishika imani hiyo. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na ramani mbili, nasaba ya wafalme na kalenda ya miezi kumi na mitatu; mhusika mkuu hakutoka kwao hadi sura ya nne. Rafiki aliyeusoma aliniuliza swali moja tu: "Huyu kijana anataka nini?" Sikuwa na jibu.

Tumrejelee Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) tunaambiwa kuwa nchi hiyo iko angani, na yatosha. Namna inavyoelea hatuelezwi. Kilicho mbele yetu ni Karama, mshtakiwa anayeupigania uhai wake barazani, na kila kisa cha mjumbe anachokisimulia ni hoja ya kujitetea. Nchi za mbali zinaingia riwayani kwa kuwa kesi inazihitaji.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi yanitatiza zaidi, ingawa naienzi. Dzombo akiwa ndani ya chombo alimotiwa ili afe, hatujui atafika wapi, nasi twasoma kwa pupa. Akishatua Walenisi anageuka mgeni wa kufahamishwa: yeye auliza, wenyeji wajibu. Ustaarabu wa nchi ile unavutia, lakini hatari imemwondokea mhusika, nayo taharuki imetuondokea sisi. (Watakuwapo watakaonikumbusha kuwa riwaya ya nchi njema haina budi kufundisha. Na iwe hivyo. Mafunzo hayo yangeweza kumgharimu Dzombo kitu.)

Najua nitatajiwa Tolkien, aliyeanza kubuni lugha kabla ya kubuni hadithi. Tazama basi alivyoipanga kazi yake: kalenda na nasaba za The Lord of the Rings alizitia katika viambatisho, mwishoni mwa juzuu ya tatu iliyotoka mwaka 1955. Msomaji huzifikia safari ikiwa imekwisha, na asiyezitaka hufunga kitabu bila kupungukiwa.

Mswada wangu umebakiwa na ramani moja, nayo nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Kijana sasa anatoka nyumbani katika ukurasa wa kwanza, usiku, akimtafuta nduguye.